Msimwachie Mtoto Mzigo Peke Yake

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Somo: Marko 5:35-43

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halisikiki mara nyingi katika mazungumzo ya ibada. Twataka kuzungumza juu ya kijana, wa kike au wa kiume, ambaye mwili wake umenenepa kupita kiasi, chakula chake hakimjengi, na siku yake hupita bila kucheza wala kutembea.

Labda mtu atauliza, je, hiyo si kazi ya daktari? Ndiyo, ni kazi ya daktari, nasi tutamtaja. Lakini kijana huyo yumo katika darasa letu la kipaimara. Yumo katika kwaya, na siku hizi husimama safu ya nyuma kabisa. Kisha Jumapili moja haonekani, na ya pili haonekani. Tukimwuliza mama yake, twaambiwa kwamba joho la kwaya halimtoshi tena, naye aliona haya kuomba jingine. Hapo jambo hili limeingia kanisani, na mchungaji hawezi kusema kwamba halimhusu.

Wazee wetu walifurahi kuona mtoto mnene, nao walikuwa na sababu. Waliijua njaa. Waliona miaka ya ukame, na mwili wenye nyama ulikuwa kama ghala ya kumvusha mtoto mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo hata leo nyanya akija mjini na kumkuta mjukuu wa miaka mitano amejaa mashavu, husema kwa furaha, "Huyu mmemtunza." Lakini mtoto huyo huyo akifika miaka kumi na mitatu, watu wanaanza kumcheka. Unene uliosifiwa jana umekuwa aibu leo, wala hakuna aliyemwambia ni siku gani sifa zile zilikwisha.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, lilitangaza habari ya kushangaza. Kwa mara ya kwanza, tukihesabu dunia nzima, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamekuwa wengi kuliko wale wenye uzito pungufu. Afrika yetu, kusini mwa Sahara, ilikuwa bado haijafika hapo. Hapa Kenya uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe. Basi sisi tunabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Katika mtaa mmoja, hata katika ploti moja, mtoto huyu hakui kwa sababu chakula hakitoshi, na jirani yake ananenepa kwa chakula kisichofaa.

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya tano. Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Tuseme wazi kwamba binti huyo hakuwa na shida tunayoizungumzia leo. Alikuwa mgonjwa, akafa. Wala hatutaki kulazimisha Maandiko yaseme yasiyoyasema. Lakini tutazame jinsi Bwana Yesu alivyoingia katika nyumba yenye msichana wa umri ule. Kwanza, watu walimcheka Yesu, naye akawatoa nje wote. Pili, akawachukua baba na mama wakaingia pamoja naye. Tatu, akamshika msichana mkono. Nne, msichana akainuka akatembea. Tano, Bwana akaagiza apewe chakula. Twaomba tufuate hatua hizo tano, kwa maana kila moja ina jambo la kutufundisha juu ya vijana wetu.

Kwanza, kicheko kitoke nje.

Kule kwa Yairo watu walimcheka Bwana, hawakumcheka binti. Hata hivyo hakumfikia mtoto mpaka nyumba ilipokuwa imetulia. Katika nyumba zetu kicheko mara nyingi hakitoki kwa adui. Hutoka kwa kaka anayesema, "Kibonge, tuachie chapati." Hutoka kwa shangazi anayemgeuza msichana mbele ya wageni na kuuliza, "Huyu mnamlisha nini?" Hutoka kwa mwalimu anayempa jina la utani, darasa zima likacheka. Wanaosema hivyo wengi hudhani wanamsaidia, kwamba aibu itamfanya apungue.

Aibu haifanyi hivyo. Watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwauliza vijana na wazazi wao. Katika nyumba ambazo wazazi walizungumza na vijana juu ya uzito na ukubwa wa mwili, vijana walielekea zaidi kujinyima chakula na kukila kwa njia za hatari. Katika nyumba ambazo mazungumzo yalikuwa juu ya chakula chema tu, bila kutaja uzito, hali hiyo ilipungua. Hata bila watafiti twaweza kulifahamu jambo hili. Mtoto anayechekwa uwanjani ataacha kwenda uwanjani. Mtoto anayetazamwa kila tonge mezani atakula kidogo mbele za watu, kisha ale mkate gizani wengine wakilala. Kwa hiyo kicheko huzidisha mambo mawili yale yale tuliyotaka kuyapunguza.

Wengine hushika neno la mtume Paulo kwamba mwili ni hekalu, wakamchapa nalo kijana mnene. Tuisome vizuri sura ile ya sita ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Paulo alikuwa akiwaonya watu juu ya uasherati. Hakuwa akimpima mtu kiuno. Nasi tusikimbilie kusema kwamba mtoto huyu ni mlafi. Ulafi ni dhambi, na wapo walafi wembamba wengi. Unene una sababu nyingi. Kuna kurithi, nako kuna nguvu kubwa, hata watoto wawili wakila chungu kimoja mmoja huweza kunenepa na mwingine asinenepe. Kuna usingizi mchache, kuna huzuni, kuna dawa fulani za hospitali, na kuna magonjwa machache ya tezi. Anayehukumu kwa macho tu hawezi kujua ni ipi.

Basi kazi ya kwanza haihitaji hata senti moja. Jina la utani likome leo. Baba aseme neno hilo mara moja, kwa sauti ya upole, kila mtu akiwapo: "Katika nyumba hii hakuna atakayeitwa kwa mwili wake."

Pili, baba na mama waingie ndani.

Bwana hakumtoa msichana nje akamponya barabarani. Aliwaingiza wazazi mahali mtoto alipokuwa. Hapa twafika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Nyumba nyingi zikisikia kwamba mtoto amenenepa kupita kiasi, humtenga kwa sahani. Yeye huwekewa kabichi ya kuchemsha, ndugu zake wakala chipsi mbele yake. Yeye huambiwa akimbie asubuhi, baba akabaki kitandani. Soda hununuliwa kwa wote, yeye akapewa maji. Wapenzi, huyo mtoto ameadhibiwa. Atavumilia juma moja, labda mawili, kisha atashindwa, nasi tutasema kwamba hana nia. Ni mtu mzima gani kati yetu angeweza kushinda hivyo?

Mwaka 1990 Bwana Leonard Epstein na wenzake, Marekani, walitoa habari za watoto wanene wa miaka 6 hadi 12, ambao wazazi wao pia walikuwa wanene. Walikuwa wamewafuata watoto hao kwa miaka kumi, mpaka wakawa vijana. Wote walikuwa wamefundishwa mambo yale yale ya chakula na mazoezi. Tofauti ilikuwa hii: katika kundi moja mzazi na mtoto walitiwa moyo pamoja wabadili mazoea yao, katika kundi jingine hakuna aliyetiwa moyo kwa namna hiyo. Baada ya miaka kumi, watoto wa kundi la kwanza walikuwa bado wamepunguza unene wao kuliko siku ya kuanza, na wale wa kundi la pili walikuwa wameongezeka. Mafundisho yalikuwa mamoja. Lililoleta tofauti ni kwamba mzazi aliingia naye ndani.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Sufuria ya nyumba ni moja. Yeye anayeshika mwiko, na yeye anayetoa pesa za sokoni, wana uwezo ambao mtoto wa miaka kumi na mitatu hana. Kwa hiyo, likibadilishwa jambo la chakula, libadilishwe kwa wote, kwa mwembamba na kwa mnene, kwa baba mwenye kitambi na kwa nyanya pia. Sukuma wiki na maharagwe havimdhuru aliye mwembamba. Naye mtoto aliyekuwa akitengwa atakula pamoja na watu wake bila kuona haya.

Tatu, ashikwe mkono.

Bwana alimshika msichana mkono. Kijana wetu naye ahitaji mkono wa kumwongoza, na mmoja wa mikono hiyo ni wa wahudumu wa afya. Unene haupimwi kwa jicho. Hupimwa kwa kuchukua uzito kwa kilo na kuugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano, msichana wa miaka 14 mwenye urefu wa mita 1.55 na uzito wa kilo 72, hesabu yake ni karibu 30. Lakini kwa kijana hesabu hiyo hailinganishwi na jedwali la watu wazima. Hulinganishwa na jedwali la umri wake, la wasichana au la wavulana, ambalo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007. Kwa jedwali hilo msichana huyo amepita mpaka wa unene wa kupindukia. Basi apimwe kituoni, faraghani, mzazi akiwapo. Asipimwe mbele ya darasa wala katika mkutano wa vijana.

Kuna dalili ambazo mzazi asizipuuze. Ya kwanza ni weusi wa shingo. Ngozi ya nyuma ya shingo au ya kwapani huwa nyeusi na nene, laini kama mahameli. Mama wengi huidhani kuwa uchafu, wakamsugua mtoto kwa jiwe na sabuni mpaka akalia. Akina mama, weusi huo hautoki kwa kusugua. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili unashindwa kuitumia vizuri homoni inayotawala sukari ya damu, na mtoto apimwe sukari. Dalili nyingine ni kiu kisichoisha na kukojoa mara nyingi. Nyingine ni kukoroma sana usiku na kusinzia darasani. Nyingine, kwa wasichana, ni hedhi inayopotea kwa miezi. Naye kijana mnene anayechechemea, au anayelalamika maumivu ya goti au nyonga, apelekwe hospitali mara moja bila kuambiwa kwamba ni uvivu. Katika umri huu kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kutoka mahali pake, na kuchelewa huleta kilema.

Ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili, ambao zamani tuliuhesabu kuwa wa wazee, siku hizi huonekana kwa vijana. Vivyo hivyo shinikizo la damu. Tunasema haya ili mzazi aende mapema, wala hatutaki kumtisha mtu. Na dawa? Ziko dawa ambazo daktari aweza kumpa kijana fulani, akimfuatilia. Lakini majani ya kupunguza mwili, na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa stendi na sokoni, msivinunue.

Tena, mkono huo usimwachilie upesi. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba kijana wa namna hii, pamoja na jamaa yake, apewe msaada wa ana kwa ana usiopungua saa 26 kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja. Tulipoigawanya hesabu hiyo kwa majuma ya mwaka, tuliona kwamba ni nusu saa kila juma. Kanisa haliwi hospitali, wala mchungaji haandiki dawa. Lakini nusu saa kila juma ya kutembea na mtoto, ya kumwuliza habari zake, ya kumsikiliza bila kumhukumu, ni parokia gani isiyoweza kuitoa?

Nne, ainuke atembee.

Marko anasema msichana aliinuka akatembea. Watoto wetu wa mashambani bado hutembea. Huchota maji, hufukuza ng'ombe, hupanda mlima kwenda shule. Watafiti waliowapima vijana wa Nandi waliandika mwaka 2012 kwamba wale wa kijijini walikuwa wakijishughulisha zaidi na kuketi kidogo, na wale wa mjini walikuwa na mafuta mengi zaidi mwilini. Hao ni watu wa kabila moja, wa nchi ile ile iliyotoa wanariadha wa sifa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba huyu ni mvivu na yule ni hodari. Tutazame siku ya kila mmoja inavyokwenda.

Tutazame siku ya kijana wa mjini. Gari la shule humchukua mlangoni alfajiri. Hukaa darasani. Kipindi cha michezo kikifika, mara nyingine huchukuliwa na hesabu kwa sababu mtihani u karibu. Jioni ana kazi ya shule, kisha simu mpaka usiku wa manane. Jumamosi ana masomo ya ziada. Uwanja tuliochezea sisi umejengwa maduka. Barabara haina mahali pa watembea kwa miguu. Na kama ni msichana, mama yake amemkataza kutoka nje jioni, kwa sababu nzuri. Mtoto huyo acheze wapi?

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe, kwa wastani, dakika 60 kila siku kwa nguvu ya kutosha kuharakisha pumzi. Takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kwamba zaidi ya vijana 80 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiasi hicho. Dakika hizo si lazima ziwe mfululizo. Kumi za kwenda dukani kwa miguu, kumi na tano za kufua nguo kwa mikono na kuteka maji, ishirini za kuruka kamba au kupiga mpira, kumi na tano za kutembea na baba jioni, zote zahesabiwa. Aliye mnene sana asianze kwa mbio. Aanze kwa kutembea, kwa kuogelea mahali penye usalama, kwa kucheza ngoma na nyimbo za vijana, mambo yasiyomwumiza magoti wala kumfanya awe wa mwisho mbele ya macho ya watu. Na hata kama mizani haikusogea haraka, mwili unaotembea hufaidika. Moyo hupata nguvu, sukari ya damu hutawaliwa vizuri zaidi, na mtoto hulala usingizi.

Usingizi nao tusiusahau. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa nane hadi kumi kila usiku. Simu za watu wote wa nyumba zilale sebuleni, ya baba ikiwa ya kwanza.

Hapa parokia ina kitu ambacho mtaa hauna. Tuna kiwanja chenye ua na lango, na mlinzi. Katika mitaa mingine hapo ndipo mahali wazi palipobaki. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa pengine hapana anayekitumia ila mbuzi wa jirani. Lango lifunguliwe jioni mbili au tatu kwa juma. Wazee wawili wa kanisa waketi hapo waangalie. Iwepo kamba, uwepo mpira, na wasichana wawe na nafasi yao.

Tano, apewe chakula.

Jambo la mwisho ambalo Bwana aliagiza katika nyumba ile ni kwamba binti apewe chakula. Hakuagiza afunge. Twasema hivi kwa sababu kuna wazazi ambao, kwa hofu, humnyima mtoto chakula. Kijana bado anakua. Mifupa yake yajengwa, damu yake yaongezeka, na msichana hupoteza damu kila mwezi. Mtoto aweza kuwa na mwili mkubwa na bado akakosa damu, kwa sababu anachokula kina sukari na mafuta mengi lakini hakina madini. Huyo ana njaa ambayo jicho haliioni. Kwa vijana wengi ambao bado wanarefuka, shabaha ya kwanza huwa kuzuia uzito usiongezeke haraka huku kimo kikipanda. Daktari atasema ni nani anayehitaji zaidi ya hapo.

Basi tuanze na vinywaji. Chupa ya soda ya nusu lita huweza kuwa na sukari gramu 50 hivi, yaani karibu vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mwili hupata katika chakula cha siku. Kwa kijana anayekula kiasi cha kawaida, chupa hiyo moja imekaribia kumaliza fungu lake lote la siku, kabla hatujahesabu chai, mandazi na biskuti. Chai yenyewe isipikwe na sukari ndani ya sufuria. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie kijiko, na kijiko hicho kipungue polepole mpaka ulimi uzoee.

Pili, sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda: sukuma wiki, kunde, managu, terere, kabichi, karoti. Robo iwe ugali, wali, nduma au viazi vitamu. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, mayai, samaki, omena au nyama. Hatumwambii mtu aache ugali. Twasema mboga isiwe kitoweo cha pembeni tu. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka mtungini. Naye mtoto asiondoke nyumbani bila kula, kwa maana anayeshinda na njaa hujaza tumbo saa nne kwa mandazi na chipsi za kibandani.

Tunajua mama wengi hufika nyumbani saa mbili usiku wamechoka, na makaa ni ghali, na chipsi za jirani ziko tayari. Hatuwalaumu. Lakini maharagwe yaliyochemshwa kwa siku mbili huokoa makaa. Na kijana wa miaka kumi na minne, wa kike na wa kiume, aweza kufundishwa kupika. Akijua kupika githeri yake mwenyewe, amepata kitu kitakachomfaa maisha yake yote.

Kanisani nako tutazame meza yetu. Baada ya mkutano wa vijana twawapa soda na keki. Katika arusi, katika harambee, hata katika matanga, mtoto hupokelewa kwa soda. Je, Chama cha Mama hakiwezi kuandaa maji safi, ndizi, machungwa, mapapai na njugu karanga? Wageni wetu hawatadhani tumekuwa wachoyo tukiwapa matunda ya nchi yetu.

Wasikilizaji wapenzi, pengine mambo haya yaonekana mengi. Tumkumbuke Danieli katika sura ya kwanza ya kitabu chake. Alikuwa kijana ugenini, akataka chakula kingine kuliko kile cha meza ya mfalme. Alimwomba yule aliyewagawia chakula, na akaomba siku kumi tu za kujaribu. Wala hakuwa peke yake. Walikuwa vijana wanne. Tena Maandiko hayasemi kwamba siku zile zilipokwisha walikuwa wamekonda. Yasema nyuso zao zilipendeza na miili yao ilikuwa imenawiri. Afya ndiyo iliyotafutwa.

Basi tuwaombe nanyi siku kumi. Kwa siku kumi nyumba nzima iache soda. Kwa siku kumi mboga iwe nusu ya sahani ya kila mtu. Kwa siku kumi mtu mzima mmoja atembee nusu saa pamoja na mtoto. Na kwa siku kumi asiwepo mtu atakayetaja uzito wa mwingine. Mizani msiitazame, kwa kuwa siku kumi hazitoshi kuibadilisha. Tazameni kama mtoto amekuja kuketi mezani na wengine. Tazameni kama amecheka. Mkishindwa siku ya nne, anzeni tena siku ya tano. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nawe kijana unayetusikiliza, labda umeketi chumbani peke yako na redio hii. Hatukuzungumza juu yako ili watu wakutazame. Mungu hakungojei upungue ndipo akupende. Nafasi yako katika kwaya ni yako, na joho litashonwa la kukutosha. Njoo Jumapili.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetupa watoto na ukatupa chakula cha kuwakuza, twakuomba uwakumbuke vijana wote wanaoionea haya miili yao. Uondoe kicheko katika nyumba zetu. Uwape wazazi hekima jikoni na subira mezani. Uwape madaktari na wauguzi maneno ya upole. Utufundishe sote kutembea pamoja na aliye nyuma, asiachwe njiani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.